Kompyuta nne za saiba baada ya Windows 10 kukoma: ipi ibaki, ipi ibadilishwe

"Habari mtaalamu. Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu. Kompyuta zangu ni nne: Dell OptiPlex 3060 ninayotumia mwenyewe kwenye kaunta kwa kazi za KRA, eCitizen na kuchapisha, HP EliteBook 840 G3 ya wateja, nyingine kama hiyo iko nyumbani, watoto wanaisomea, na Compaq ya zamani ya Core 2 Duo, RAM 2GB, ambayo wateja hutaipia barua. Printa ni Epson L3110. Zote nne ni Windows 10. Tangu Oktoba mwaka jana zinaniletea ujumbe kwamba huduma imekwisha, na nikijaribu kuhamia Windows 11 zote zinakataa. Fundi mmoja anasema atailazimisha Windows 11 iingie kwa shilingi 2,000 kila mashine. Dukani wananiambia ninunue laptopu za ex-UK kwa 38,000 kila moja kwa sababu karibuni eCitizen haitafunguka kwenye Windows 10. Rafiki yangu anasema nikiwa na antivirasi nzuri sina haja ya kuhangaika. Nimsikilize nani? Pesa niliyo nayo ni ya laptopu moja tu, na sitaki kupoteza kazi za wateja."

Dada, usimlipe fundi bado, na usikimbilie dukani. Wote watatu wanakushauri kana kwamba una kompyuta moja yenye shida moja. Una mashine nne, kila moja na kazi yake, na kila moja ina jibu lake. Tena ile ya kaunta, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote, karibu hakika inaweza kupokea Windows 11 kihalali bila wewe kulipa chochote. Ilikataa kwa sababu ya mipangilio, wala si kwa uzee.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya usalama vya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Haikuuzima. Mashine zako zitaendelea kuwaka, kuchapisha na kufungua barua kama jana, na hapo ndipo watu wanapodhani ujumbe ule ni mbinu ya biashara tu. Kilichokoma ni kazi isiyoonekana. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa marekebisho ya makosa yaliyogunduliwa ndani ya mfumo, makosa ambayo mtu akiyajua anaweza kuingia bila nywila yako. Windows 11 inaendelea kuyapata marekebisho hayo. Na kwa kuwa mifumo hii miwili ina sehemu nyingi zinazofanana, kila kiraka cha Windows 11 kinamwonyesha mwizi mahali pa kutafuta kwenye Windows 10: analinganisha faili ya kabla na ya baada, anaona kilichorekebishwa, kisha anakwenda kujaribu mashine ambayo haikurekebishwa.

Rafiki yako amekosea hapo. Antivirasi ni askari wa getini anayewajua wezi aliopewa picha zao. Kiraka ni kuziba tundu la ua. Unahitaji vyote viwili. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka mwezi Machi, na mwezi Mei programu ya utekaji iitwayo WannaCry ikasambaa duniani kote kupitia kosa lile lile, ikafunga hata kompyuta za hospitali za umma Uingereza. Haikuhitaji mtu abofye kitu. Iliruka kutoka mashine hadi mashine kupitia huduma ya kushirikiana faili ndani ya mtandao mmoja, na walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka.

Sasa tazama saiba yako. Mashine zote ziko kwenye rauta moja, huenda zinashirikiana faili na printa, na kila siku flashi za watu kutoka kila pembe ya Kisumu zinachomekwa humo. Compaq ikipata ugonjwa, kaunta yenye nywila za wateja za iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi KRA, iko hatua moja tu. Kwa hiyo swali la kwanza si kompyuta ipi ni ya zamani. Ni kompyuta ipi inashika siri na pesa, na ipi inaguswa na kila mtu. Hizo mbili hazifai kuwa na hatari sawa.

Kuhusu eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji ametia chumvi. Tovuti kama eCitizen na iTax zinaangalia zaidi brauza kuliko mfumo ulio chini yake, na Chrome, Edge na Firefox bado zinasasishwa kwenye Windows 10. Historia inatupa kipimo: huduma ya Windows 7 ilikoma Januari 2020, lakini Chrome haikuiacha mpaka mwanzoni mwa 2023. Siku hiyo itafika kwa Windows 10 pia, ila si sababu ya kutoa 38,000 kwa hofu mwezi huu. Jambo ambalo hakuna aliyekuambia ni kwamba Office 2016 na Office 2019 nazo zilikoma tarehe ile ile ya 14 Oktoba 2025. Faili za Word zinazoletwa na wateja ni mlango mkubwa wa virusi, kwa hiyo kama kaunta inatumia mojawapo ya hizo, fungua faili usiyoiamini kwa LibreOffice, ambayo ni ya bure na inasasishwa.

Tuje kwenye kukataa. Windows 11 inataka RAM ya 4GB, nafasi ya 64GB, kuwaka kwa njia ya kisasa ya UEFI (ya kale huitwa Legacy) yenye Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel za kawaida inaanza kizazi cha nane. TPM hutunza funguo za siri mahali ambapo virusi ndani ya Windows havifiki, na Secure Boot huzuia programu ngeni kuwaka kabla ya mfumo wenyewe. Ni mambo ya maana. Kikomo cha kizazi cha nane, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa kampuni zaidi kuliko udhaifu wa mashine, maana prosesa ya kizazi cha sita ina nguvu tele kwa kazi ya saiba. Lakini uamuzi ndio huo, na tupange tukiujua.

Kompyuta inaweza kukataa kwa sababu yoyote kati ya hizo, na ujumbe wa Windows Update haukufafanulii. Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, iendeshe kwenye kila mashine, nayo itakutajia kipengele kilichokosekana. Ukipenda kujionea, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma mistari miwili: "Processor" na "BIOS Mode". Halafu rudia kwa kuandika tpm.msc, uone kama TPM ipo na ni toleo gani.

OptiPlex 3060 ilitoka 2018 ikiwa na Intel ya kizazi cha nane, kwa mfano i5-8500. Kwa namba ya tarakimu nne kama hii, ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Prosesa hiyo iko kwenye orodha. Nakisia kwamba msinfo32 itakuonyesha "Legacy" kwenye BIOS Mode, na tpm.msc itasema haikuona TPM. Hii hutokea sana kwa mashine za mtumba: aliyeweka Windows alitumia flashi iliyotengenezwa kwa mtindo wa kale, diski ikagawanywa kwa mpangilio wa kale wa MBR badala ya GPT unaotakiwa na UEFI, na TPM ikaachwa imezimwa. Kurekebisha kunawezekana bila kufuta kitu, ila mpangilio wa hatua ni muhimu sana.

Kwanza nakili faili zote kwenye diski ya nje, kisha fungua chache kati ya hizo kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimenakiliwa kweli. Angalia kama BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, inafanya kazi. Ikiwa ndiyo, isimamishe kwa muda na uhifadhi ufunguo wake wa kurejesha, la sivyo mashine itakuomba ufunguo huo ukishagusa BIOS, yaani mipangilio inayowaka kabla ya Windows. Kisha fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikijibu kwamba uthibitisho umefaulu, andika:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Uthibitisho ukishindwa, mara nyingi ni kwa sababu diski ina vigawanyo vikuu zaidi ya vitatu. Usifute kigawanyo kwa kubahatisha. Hapo ndipo kazi za wateja hupotelea. Ukifaulu, zima na kuwasha ukigonga F2. Kwenye "Boot Sequence" badilisha Legacy iwe UEFI, washa Secure Boot, kisha ndani ya "Security" uwashe TPM 2.0. Mashine zisizo na chipu ya peke yake huonyesha "PTT Security" badala yake, nayo inatosha. Ukigeuza kuwa UEFI kabla ya kubadilisha diski, Windows haitawaka. Usishtuke, irudishe Legacy na uanze ulipoachia. Vivyo hivyo ukibadilisha diski halafu ukaiacha kwenye Legacy, haitawaka mpaka uende UEFI.

OptiPlex haina betri. Stima ikipotea diski ikiwa katikati ya kubadilishwa, unaweza kubaki na mashine isiyowaka. Kisumu mvua za radi hupenda mchana kuelekea jioni, kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi ya siku usiyofungua, na uazime UPS, betri ya akiba ya stima. Baada ya hapo PC Health Check itakubali, na kuhama kwenyewe huchukua saa moja hadi mbili huku faili na programu zikibaki. Upakuaji ni mzito, karibu gigabaiti 5 hadi 7, kwa hiyo usiufanye kwa bando za simu ukiweza kupata waya wa faiba. Na kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyozunguka, kabla ya kuhama. Windows 11 kwenye diski ya zamani huwachosha watu hadi wanadhani kompyuta imeharibika. RAM iwe 8GB. Ukinunua, angalia umbo la mashine: OptiPlex Micro inatumia RAM fupi za laptopu, zile kubwa zinatumia RAM ndefu.

Sasa pendekezo la fundi. Kulazimisha Windows 11 si uchawi. Programu ya bure iitwayo Rufus hutengeneza flashi ya kuweka Windows, nayo inakupa kisanduku cha kuruka masharti ya TPM na Secure Boot. Kwenye EliteBook 840 G3, ambayo ilikataa kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha sita, itaingia na itafanya kazi. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haihakikishiwi masasisho. Kwa sasa viraka vya kila mwezi huwa vinafika, ila toleo jipya la kila mwaka halijiwekei. Lazima mtu alipandishe tena kwa mkono. Kila toleo la Home na Pro lina miezi 24 tu: 24H2 inakoma 13 Oktoba 2026, na 25H2 inakoma 12 Oktoba 2027. Ukishamlipa fundi leo, muulize atarudi lini, na kwa pesa ngapi. Asiyekuambia habari ya tarehe hizo amekuuzia nusu ya kazi.

Na kama anasema ataiweka hata kwenye Compaq, hapo hajui asemalo. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji amri ya prosesa iitwayo POPCNT, ambayo Core 2 Duo haina kabisa. Hakuna kisanduku cha kuiruka hiyo. Haitawaka.

Swali lingine la kumuuliza fundi ni atatumia leseni gani. Laptopu nyingi za ex-UK zilikuja na Windows halali ambayo ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya BIOS. Kuutazama, fungua PowerShell uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikitoka makundi matano ya herufi na tarakimu, una leseni, na ukiweka upya toleo lile lile kwa flashi iliyotengenezwa kwa chombo cha Microsoft chenyewe, itajiwasha ikiwa kwenye intaneti. Huna haja ya zile programu za wizi za kuamsha Windows bila leseni, ambazo hukutaka kwanza uzime Defender, antivirasi ya Windows yenyewe. Programu inayokuomba uzime ulinzi ili iingie, ikiwa na mamlaka yote ya msimamizi, haifai kuwa kwenye mashine ambayo watu wanaandikia PIN zao za KRA. Hapa sina maneno ya kati: mashine iliyowashwa kwa njia hiyo ifutwe na ianzishwe upya.

EliteBook ya nyumbani ina njia nyepesi. Microsoft ina mpango wa viraka vya ziada kwa Windows 10, unaofika 13 Oktoba 2026. Mashine iwe na toleo la 22H2. Liangalie kwa kuandika winver. Ingia ukiwa msimamizi, kwa akaunti ya Microsoft ya mtu mzima, kisha nenda Settings, "Update & Security", halafu "Windows Update". Upande huo utaona kiungo cha kujiandikisha. Ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye wingu la Microsoft, hulipi. Usipotaka hivyo, ni dola 30 mara moja, yaani karibu shilingi 3,900, na leseni moja inatosha mashine hadi 10 zenye akaunti hiyo. Kiungo kisipoonekana, maliza kwanza masasisho yote yaliyosubiri, uwashe upya.

Lazima niseme pia kwamba mpango huu umeandikwa kwa matumizi ya mtu binafsi. Kompyuta ya watoto inaingia vizuri. Zile za saiba ni za biashara, na kwa biashara bei ya Microsoft ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, ikipanda maradufu kila mwaka, hadi miaka mitatu. Kwa mashine iliyonunuliwa mtumba hesabu hiyo haina maana. Basi nyumbani jiandikishe, ujue umepata muda wa kupumua hadi Oktoba 2026, na kwa saiba tutumie njia nyingine.

Njia hiyo ni Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kwa EliteBook ya wateja ningechagua Linux Mint 22, ambayo ina masasisho hadi 2029 bila malipo. Najua jina hilo huwatisha watu. Mteja anayeketi kwenye saiba anataka brauza, mahali pa kutaipu, na kuchapisha. Mint ina menyu chini kushoto kama alivyozoea, ina Firefox, na LibreOffice iko tayari. Kuna faida mbili ambazo kwa saiba ni kubwa kuliko kasi. Ile virusi ya flashi inayoficha folda za watu na kuacha njia za mkato bandia imeandikwa kwa Windows; kwenye Linux haiendeshwi, na mteja anaziona faili zake halisi. Ya pili ni kikao cha mgeni. Kwenye mipangilio ya "Login Window" kuna mahali pa kuruhusu mgeni aingie bila nywila, na akitoka, kila alichopakua na kila akaunti aliyoiacha wazi vinafutika. Fikiria nakala za vitambulisho na vyeti vilivyolala kwenye folda ya Downloads ya saiba yoyote mjini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu anayeshika taarifa za watu, na saiba inazishika kutwa.

Usiiweke bila kuijaribu. Pakua faili ya Mint kutoka tovuti yao, iandike kwa Rufus kwenye flashi ya 8GB, ichomeke, uwashe EliteBook ukigonga F9, kisha uchague flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo jaribu waifai, sauti, na zaidi ya yote printa. Epson wana draiva ya Linux kwa L3110, kwa hiyo chapisha ukurasa wa rangi, kisha skani kitambulisho. Kama una pia printa ya leza, ijaribu kwa makini zaidi: HP LaserJet P1102 kwa mfano inataka kijalizo kinachopakuliwa wakati wa kuiweka, kwa hiyo uwe na intaneti, na baadhi ya Canon ndogo za leza zina draiva zinazosumbua. Kila kitu kikikubali, nakili vilivyomo kwenye diski na uweke. Chagua kufuta diski yote. Kuweka mifumo miwili kwenye mashine ya wateja ni kujitafutia maswali.

Kuna mahali ambapo Mint itakukwaza. Barua ya Word ikifunguliwa kwa LibreOffice inaweza kusogea mistari, hasa CV zenye majedwali na masanduku. Sababu kubwa ni fonti. Weka fonti za Carlito na Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawa na Calibri na Times New Roman, na mengi yatatulia. Mfundishe mteja kuhifadhi PDF kabla ya kuondoka, kwa kuwa PDF haibadiliki popote inapofunguliwa. Kikwazo kikubwa zaidi ni fomu ya KRA ya Excel yenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Ritani ya sifuri, na ya mtu mwenye mshahara pekee, hujazwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa iTax, na hiyo inafanya kazi kwenye Mint. Lakini mwenye biashara anayejaza ile faili ya Excel mhudumie kwenye kaunta yenye Windows na Excel, maana makro zake zimeandikwa kwa ajili ya Excel. Na kwa amani ya moyo wako, usianze mabadiliko haya mwezi Juni. Foleni ya ritani inaisha tarehe 30 na hutakuwa na subira ya kujifunza menyu mpya.

Compaq sina mengi ya kusema juu yake. Mint Xfce, toleo jepesi la Mint, inaweza kuingia kwenye RAM ya 2GB, lakini brauza ya leo ikifungua kurasa tatu itaanza kukwama. Ukipata RAM ya zamani kwa bei ya chini uifikishe 4GB, ifanye ya kutaipu tu. La sivyo itoe. Hapa ndipo pesa ya laptopu yako moja inapofaa kwenda, kuziba nafasi yake.

Ukienda kununua, usikubali jina la modeli peke yake. EliteBook 840 G5 ilitoka ikiwa na prosesa za kizazi cha nane na pia za kizazi cha saba, kama i5-7300U, na hiyo ya pili Windows 11 inaikataa. Fungua msinfo32 dukani, usome tarakimu. Kisha andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, punguza bei au omba nyingine. Gonga F10 wakati wa kuwaka uone kama BIOS ina nywila ya kampuni iliyoiuza. Na hili wengi hawalijui: mwombe muuzaji aifanyie reset kamili mbele yako, ikiwa kwenye intaneti. Laptopu ambayo bado imesajiliwa na kampuni ya zamani itadai kuingia kwa akaunti ya kampuni hiyo, na hakuna nywila utakayobuni. Ikifanya hivyo, iache hapo hapo.

Wakati unapanga haya, kuna jambo la kufanya leo kwenye rauta. Rauta nyingi zina mtandao wa mgeni. Peleka mashine za wateja na simu zao huko, kaunta na printa zibaki kwenye mtandao wako. Wateja watakaochapisha watume hati kwa barua pepe ya saiba, au walete flashi kaunta ikaguliwe. Zima pia SMB 1.0 kwenye orodha ya vipengele vya Windows, kama bado imewashwa; ndiyo huduma ile ya kushirikiana faili ambayo WannaCry ilipitia.

Mpelekee fundi mashine ana kwa ana, badala ya kujaribu mwenyewe, ikiwa mbr2gpt imegoma na huna nakala ya faili. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugongagonga, maana kila dakika ya kuiwasha inapunguza kinachoweza kuokolewa. Ikiwa BIOS imefungwa kwa nywila. Au ikiwa betri ya EliteBook imevimba hadi kibao cha kugusa kinainuka. Hiyo ya mwisho usiichaji tena hata mara moja, na usiitoboe wala kuibana. Fundi unayemwendea mwambie kabla hajafungua parafujo moja: "Faili ziko humu, nakala sina, usifute chochote." Uyaandike hayo maneno kwenye karatasi na uibandike juu ya mashine, kwa sababu anayeipokea mezani mara nyingi siye atakayeifungua.